Thimlich Ohinga: Kuta za mawe zilizodumu karne nyingi bila saruji

MSAFIRI anayeondoka Kisumu kuelekea kusini hupita Ahero, Oyugis, Kisii na Rongo kabla ya kuingia mji wa Migori. Hapo huiacha barabara kuu na kushika njia ya kaskazini-magharibi, upande wa Ziwa Viktoria. Baada ya yapata kilomita 46, katika nchi ya vilima na vichaka isiyo mbali na machimbo ya zamani ya Macalder, hufika mahali ambapo kuta za mawe zenye kimo cha kumpita mtu mzima zimesimama kimya katikati ya miti.

Mahali hapo panaitwa Thimlich Ohinga. Jina hilo ni la Kijaluo. Thim ni msitu, lich ni kutisha, na ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta wa mawe. Hivyo ni boma la mawe lililo katika msitu wa kutisha. Wingi wa ohinga ni ohingni, na eneo hilo lina ohingni nne kubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Mwanzo wa majina hayo unabeba maana ya "kwa" fulani. Kochieng ni kwa Ochieng' na Koketch ni kwa Oketch. Hata leo basi, mgeni anaposomewa majina ya magofu hayo, huwa anatajiwa miji ya watu.

Waliojenga hawakutumia saruji, chokaa wala udongo wa kushikiza. Hawakuyachonga mawe ili yalingane. Waliyaokota kama yalivyolala kilimani, wakayapanga, nayo yakakaa. Jinsi yalivyokaa, na sababu ya kuendelea kukaa, ndiyo habari kubwa ya Thimlich Ohinga. Ndiyo pia inayoonyesha ugumu wa kazi ya kulilinda boma hilo.

Ukuta unavyosimama

Kwa wastani ukuta wa Thimlich una unene wa mita moja, na kimo chake ni kati ya mita 1.5 na mita 4.5. Anayeutazama kwa haraka huona rundo la mawe lililopangwa kwa bahati. Mwashi akiutazama huona kuta mbili zilizosimama sambamba, moja ikitazama nje na nyingine ikitazama ndani, zikiwa zimejengwa kwa mawe makubwa. Nafasi iliyo baina yake imejazwa mawe madogo. Tabaka hilo la katikati ndilo linaloufunga ukuta. Huziba mianya, huzuia mawe makubwa yasicheze, na huusambaza uzito kuelekea chini.

Mawe yasiyochongwa yana tabia zake. Kila moja lina mgongo, tumbo na pembe, na fundi hana budi kuligeuzageuza mkononi hadi apate upande utakaolala vizuri juu ya jiwe la chini na kushikana na majirani zake. Akikosea, kosa lake halifichwi na saruji, kwani jiwe litateleza na kuyavuta mengine. Kwa hiyo ukuta wa namna hiyo ni kazi ya watu waliofunzwa kwa kutazama na kutenda.

Kuta hizo hazikunyooshwa kwa kamba. Hujipinda na kujikunja kufuata umbo la ardhi, na mapindo hayo huupa ukuta nguvu ya kujisimamisha kuliko mstari ulionyooka. Penye hatari ya kuinama, wajenzi waliongeza mawe ya kuuegemeza. Chini waliacha matundu ya kutolea maji, kwa kuwa maji yanayotuama nyuma ya ukuta wa mawe ndiyo adui wake wa kwanza.

Milango ni mifupi na myembamba. Juu yake yamelazwa mawe marefu bapa yanayofanya kazi ambayo leo hufanywa na linta ya zege. Atakayeingia sharti ainame. Hapakuwa na upungufu wa mawe ya kujengea mlango mrefu. Mtu anayeingia akiwa ameinama hawezi kuinua mkuki, na aliye ndani humwona kabla yeye hajaona chochote. Karibu na lango la Kochieng palikuwa pia na mahali palipoinuliwa kwa ajili ya mlinzi.

Kochieng ndilo boma kubwa kuliko mengine. Ndani ya ukuta wake mkuu kuna zizi na viambaza vidogo vilivyotenga sehemu za watu na za mifugo. Mashimo ya duara yaliyobaki ardhini yanaonyesha mahali nyumba zilipokuwa zimesimama. Kuna mawe yaliyolika kwa kusagia nafaka, na kuna mwamba uliotobolewa vishimo vya kuchezea bao, mchezo ambao Wajaluo huuita ajua. Nje ya maboma yamepatikana mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma. Wanaakiolojia wameokota pia vigae vya vyungu, mifupa ya mifugo na ushanga wa kioo. Ushanga huo haukutengenezwa kandokando ya ziwa. Uliletwa na biashara ya masafa marefu, ishara kwamba waliojifungia nyuma ya kuta hizo hawakuwa wamejitenga na ulimwengu.

Nani aliyejenga?

Wataalamu wanakadiria kuwa ujenzi ulianza katika karne ya 16. Swali la nani aliyeweka jiwe la kwanza halijibiwi kwa kutaja kabila moja. Eneo hilo lilikaliwa kwa zamu na jamii za lugha mbalimbali, baadhi yake zikiwa hapo kabla ya Wajaluo kuenea kusini mwa Nyanza. Waliohama waliacha kuta, waliofika wakazikuta, wakaziba palipobomoka na kuongeza palipopungua. Mtindo ukabaki ule ule ingawa lugha iliyozungumzwa ndani yake ilibadilika. Jambo hilo ni nadra katika historia ya ujenzi, kwani mara nyingi mgeni hubomoa ili ajenge kwa desturi ya kwao.

Thimlich si pekee. Uchunguzi uliofanywa katika eneo la kusini mwa Nyanza umeorodhesha maboma ya mawe zaidi ya 500 katika mahali zaidi ya 130. Thimlich limepata sifa kwa sababu ndilo kubwa na ndilo lililohifadhika vizuri kuliko yote.

Sababu ya kujenga haikuwa fahari. Nchi ilikuwa na wanyama wakali, na ng'ombe ndio waliokuwa utajiri, kwa hiyo uvamizi wa mifugo ulikuwa hofu ya kila usiku. Mawe yalipatikana tele kilimani. Sehemu nyingine za Ujaluo ambako mawe ni haba, kama Alego huko Siaya, watu walijikinga kwa kuchimba handaki na kuinua tuta la udongo kuzunguka mji. Ngome hizo za udongo huitwa gunda bur. Fikra ilikuwa moja, kitu cha kujengea kikatofautiana.

Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Waingereza ulipopata nguvu Nyanza, vita vya kuibiana mifugo vikapungua na haja ya kuishi wengi nyuma ya ukuta mmoja ikafifia. Familia zikatawanyika na kujenga miji midogo iliyozungushiwa ua wa minyaa. Kufikia katikati ya karne hiyo Thimlich lilikuwa limehamwa na kuachiwa kichaka.

Nyumba hupita, mji hubaki

Mtu aliyezoea makala kuhusu nyumba za kale za Ulaya anaweza kuuliza: nyumba zenyewe ziko wapi? Nchini Uingereza, sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1947 iliweka utaratibu wa kuorodhesha majengo ya thamani. Hadi leo nyumba ya kijijini yenye boriti za mwaloni na paa la nyasi yaweza kuwa katika orodha hiyo, na mwenyewe haruhusiwi kuibomoa wala kuibadilisha apendavyo. Kinacholindwa ni nyumba yenyewe, pamoja na kuta, paa na madirisha yake.

Kandokando ya Ziwa Viktoria nyumba haikujengwa ili iishi miaka 400. Ilikuwa ya duara, yenye kuta za miti na udongo na paa la nyasi lenye umbo la pia. Wanawake waliikandika kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, na wakairudia kila ilipopasuka. Nyasi za paa zilibadilishwa zilipooza. Juu ya paa la mwenye mji ulichomekwa mti uliochongoka, osuri, na mtu alipofariki mti huo uliondolewa. Nyumba ilikuwa na uhai wake uliofungamana na uhai wa mwenyewe.

Kilichodumu ni mpango wa mji. Wajaluo hutofautisha ot, yaani nyumba, na dala, yaani mji au nyumbani. Katika dala, nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hukaa mahali pa heshima ikilitazama lango. Mke wa pili, nyachira, hujengewa upande mmoja wake, na wa tatu upande wa pili. Vijana wa kiume hujenga simba zao karibu na lango, wakipishana kulia na kushoto kwa kufuata kuzaliwa kwao. Zizi liko uwanjani na maghala ya nafaka yako karibu na nyumba za wake. Mwanamume akitaka kuanzisha mji wake, huenda mahali papya pamoja na jogoo, shoka na moto, na mwanawe wa kwanza pamoja na mkewe wana sehemu yao katika safari hiyo. Mji ulioachwa baada ya wenyewe kufariki huitwa gunda. Ardhi yake hulimwa, lakini jina la aliyeuanzisha huendelea kutajwa.

Tofauti hiyo ya nyumba na nyumbani si hadithi ya kale tu. Ilifika mahakamani Nairobi baada ya kifo cha wakili S. M. Otieno Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulishikilia kwamba Mjaluo aliyejenga nyumba mjini bado ana nyumbani kwao. Kesi ilifuatiliwa na taifa zima hadi marehemu alipozikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi Mei 1987. Wapo walioikubali hukumu na wapo walioilaumu, hasa kwa yale iliyoyasema kuhusu haki za mjane. Hata hivyo, kesi hiyo iliwafundisha Wakenya wengi kwamba neno dala lina uzito ambao neno nyumba halina.

Anayetaka kuuona mpango huo bila kusafiri hadi Migori anaweza kuingia Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Katika uwanja wake umejengwa mji wa jadi wa Kijaluo kwa ukubwa halisi, unaoitwa Ber-gi-dala. Una nyumba za wake watatu, nyumba ya mtoto wa kwanza wa kiume, maghala na zizi. Mgeni akishatembea humo, kisha akasimama ndani ya Kochieng mbele ya mashimo ya nyumba zilizotoweka, huweza kukisia shughuli za siku moja katika boma: ng'ombe wakitolewa zizini, mawe ya kusagia yakilia, wazee wakicheza ajua.

Safari ya kutambuliwa

Wataalamu waliandika kuhusu maboma hayo kabla ya serikali kuyachukulia hatua. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyejulikana zaidi kwa kazi zake za pwani, alichapisha maelezo mafupi kuhusu maboma ya mawe ya kusini mwa Nyanza mwaka 1965. Lofgren akafuata mwaka 1967 kwa makala katika jarida la Azania. Katika miaka ya 1980 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalifanya utafiti wa kina zaidi, na miongoni mwa Wakenya walioandika kuhusu Thimlich ni Simiyu Wandibba, na baadaye Isaya Onjala, aliyechunguza jinsi maboma hayo yalivyotawanyika nchini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Thimlich lilitangazwa kuwa mnara wa kumbukumbu wa taifa, chini ya sheria ya mambo ya kale iliyokuwapo wakati huo. Leo linalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Lakini tangazo la serikali halizuii mzizi kuota. Miti ilipenya kati ya mawe, mifugo na wanyama wakapanda juu ya kuta, na sehemu kadhaa zikaporomoka. Boma hilo likaingizwa katika orodha ya mwaka 2000 ya World Monuments Fund ya mahali pa kale palipo hatarini duniani. Hatua hiyo ilifuatiwa na kazi ya kuzirekebisha kuta.

Heshima kubwa zaidi ilifika mwaka 2018. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikikutana Manama nchini Bahrain, iliiweka Thimlich Ohinga katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo ikawa ya saba nchini Kenya, baada ya mbuga za Ziwa Turkana, Mlima Kenya, Mji Mkongwe wa Lamu, kaya takatifu za Wamijikenda, Fort Jesus na maziwa ya Bonde la Ufa. Gedi iliongezwa mwaka 2024. Eneo lililoorodheshwa lina hekta 21, na limezungukwa na ukanda wa hekta 33 ambamo shughuli zinazoweza kuliathiri zinadhibitiwa.

Thimlich husimama peke yake kati ya majengo ya kale yaliyo katika orodha hiyo ya Kenya. Lamu, Fort Jesus na Gedi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa ufundi wa pwani uliofungamana na Bahari ya Hindi. Thimlich ni kazi ya wafugaji na wakulima wa bara. Wapo wanaolifananisha na Great Zimbabwe, na ni kweli kwamba huko pia hakukutumika saruji. Lakini mawe ya Great Zimbabwe yalipasuliwa yakalingana na kupangwa kwa mistari, ilhali ya Thimlich yaliachwa na maumbo yake ya asili. Ufundi wa kuyatuliza mawe yasiyolingana ni ufundi wa aina yake.

Anayelinda nani?

Swali linalowakabili wahifadhi ni gumu kuliko linavyoonekana. Ukuta usio na saruji haujengwi mara moja ukaisha. Wakazi wa zamani waliutunza kila siku bila kuuita uhifadhi. Jiwe lililoanguka asubuhi lilirudishwa jioni, na mche uliochipuka kati ya mawe uling'olewa ukiwa mdogo. Watu walipohama, ukuta ulipoteza mtunzaji wake. Tangu hapo kila mvua na kila mzizi umekuwa ukifanya kazi bila kujibiwa.

Njia rahisi ingekuwa kumimina saruji katika mianya. Njia hiyo ingeliharibu boma. Ukuta wa mawe matupu hupumua, hupitisha maji, na hujongea kidogo bila kupasuka. Saruji huyafungia maji ndani na kuufanya ukuta uwe mgumu mahali pamoja na mlegevu mahali pengine. Zaidi ya hayo, ingefuta lile hasa lililofanya Thimlich liorodheshwe. Marekebisho ya haki ni yale yanayorudisha jiwe lililoanguka kwa mtindo wa wajenzi wa awali, yakiongozwa na picha na michoro ya jinsi ukuta ulivyokuwa, na kutekelezwa na mikono inayojua kuchagua jiwe.

Mikono hiyo haina budi kutoka katika vijiji vilivyo jirani. Kwa miaka mingi kabla ya walinzi na vibao, heshima na hofu ya wakazi kwa mahali pa wahenga ndiyo iliyowazuia watu kubeba mawe. Imani hiyo ilifanya kazi ambayo sheria haikuwa imeanza kuifanya. Leo mahitaji ni mengine. Vijana wanahitaji riziki, wajenzi wanahitaji mawe ya msingi, na wachomaji makaa wanahitaji miti. Jamii isiponufaika na boma, kwa kazi, kwa biashara ya wageni au kwa elimu ya watoto wake, itakuwa vigumu kuitaka iendelee kulilinda bure.

Hatari iliyo wazi zaidi iko nje ya hekta hizo 21. Mamia ya maboma mengine yamo katika mashamba ya watu, hayana mlinzi na mengi hayajulikani ila kwa majirani. Jiwe linalotolewa humo kujengea msingi wa nyumba mpya halirudi. Thimlich lilieleweka kwa sababu lililinganishwa na hayo mengine, na yakitoweka litabaki kama neno moja la lugha ambayo maneno yake mengine yamesahauliwa.

Kwa sasa kuta za Kochieng zingali zimesimama, na mgeni bado anainama ili kupita chini ya mawe yale yale bapa. Kama mjukuu wake atainama hapo pia itategemea kama atakuwapo mtu wa kulirudisha jiwe linaloanguka leo, na kama atakuwa amefundishwa upande upi wa jiwe hilo ndio wa kulalia.